Nani Angemsindikiza Edgar Poe?

Barua za Edgar Allan Poe, mshairi na mwandishi wa hadithi wa Marekani, na zile walizoandikiana watu waliomfahamu, zinapingana na ile hadithi maarufu ya malenga aliyetupwa na ulimwengu mzima. Watu wengi walimsaidia. Walimpa nguo, chakula, farasi, kazi, godoro, nauli na daktari. Walimchangia fedha. Walimlaza majumbani mwao siku ambazo akili haikuwa yake. Hata hivyo tarehe 3 Oktoba 1849 aliokotwa katika baa moja ya Baltimore akiwa hajitambui, amevaa nguo duni ambazo waliomwona waliamini si zake, na siku nne baadaye akafariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 40.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini misaada mingi kiasi hicho haikuweza kumshika mtu mmoja. Jibu langu ni hili: Poe alitulia pale alipopata mambo matatu kwa pamoja, yaani kazi yenye saa maalumu na mshahara wa kila wiki, nyumba isiyo na pombe, na mtu mwingine wa kushika fedha. Moja likikosekana, mengine mawili hayakukaa muda mrefu. Na mahali ambapo kila kitu kilivunjika palikuwa njiani, kati ya mji na mji, wakati msaidizi mmoja ameshamwachia na mwingine hajampokea.

Uzururaji wake ulianza kabla hajaujua. Alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809, mtoto wa waigizaji waliozunguka na maonyesho yao kutoka mji hadi mji. Mama yake, Elizabeth, alifariki Richmond, Virginia, Desemba 1811. Mfanyabiashara John Allan na mkewe Frances wakamchukua, wakamlea, wakampeleka Uingereza kuanzia 1815 hadi 1820, lakini hawakumfanya mtoto wao kisheria. Allan alikuwa na uwezo, ila msaada wake ulikuwa na kasoro iliyojirudia baadaye kwa wengine: alitoa fedha pungufu, kisha akakasirika zilipopungua. Mwaka 1826 alimpeleka Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa hesabu aliyoiandika Poe mwenyewe, gharama za mwaka hazikushuka chini ya dola 350, naye alipewa 110. Akaanza kucheza kamari ili azibe pengo, akatoka na deni la karibu dola 2,000. Kijana wa miaka 17 aliyepewa theluthi ya ada na kuachwa kati ya watoto wa matajiri alikuwa amewekewa mtego, hata kama aliyeutega hakukusudia.

Aliondoka nyumbani kwa Allan mwaka 1827, akajiandikisha jeshini kwa jina la Edgar A. Perry, na hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Katika jeshi, mahali penye ratiba, chakula, malipo na kitanda, kijana huyu aliyeonekana hafai kwa lolote alipanda hadi cheo cha sajini meja ndani ya miaka miwili. Baadaye alipoingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1830, aliondolewa kwa kuacha makusudi kuhudhuria gwaride na masomo, kwa kuwa Allan alikuwa amekata uhusiano naye na fedha zilikuwa zimekauka. Lakini ile miaka ya 1827 hadi 1829 inaonyesha kwamba alimudu maisha yenye utaratibu.

Msaada bora kabisa aliowahi kuupata ulitoka kwa John Pendleton Kennedy, mwanasheria na mwandishi wa riwaya wa Baltimore. Kennedy alikuwa mmoja wa waamuzi watatu waliompa Poe zawadi ya dola 50 katika shindano la hadithi la gazeti la Baltimore Saturday Visiter, Oktoba 1833. Machi 1835 akamwalika chakula cha jioni. Poe akajibu kwamba asingeweza kuja kwa sababu ya hali ya mavazi yake, akaomba akopeshwe dola 20.

Tazama Kennedy alivyofanya, na kwa mpangilio gani. Alianza na nguo, kwa sababu katika mji ule mtu asiye na koti la heshima hakuweza kuingia ofisini kuomba kazi. Baada ya nguo akamfungulia meza yake, aje kula wakati wowote. Akampa farasi wa kupanda kila alipotaka kunyoosha viungo, jambo linaloonekana la anasa mpaka ukumbuke kwamba mtu huyu alikuwa akifa njaa na kukata tamaa. Kisha akamwelekeza kwenye kazi yoyote ndogo iingizayo fedha badala ya tamthilia ya huzuni aliyokuwa akiiandika. Mwisho, Aprili 1835, akamwandikia Thomas Willis White, mwenye jarida la Southern Literary Messenger la Richmond, kumweleza waziwazi kwamba kijana huyu ni fukara na ana kipaji. Kennedy alijua kwamba mkopo wa dola 20 ungeliwa wiki mbili kisha waanze upya. Alichofanya ni kumfikisha Poe kwenye mshahara.

Kosa lilikuja Agosti. Poe alikwenda Richmond peke yake. Shangazi yake Maria Clemm, aliyekuwa akikaa naye Baltimore tangu 1831, alibaki huko na bintiye Virginia. Kazi ilikuwepo, dola 10 kwa wiki, lakini nyumba haikuwepo. Tarehe 11 Septemba alimwandikia Kennedy kwamba yu katika dhiki ya moyo asiyoijua chanzo, akimsihi amwambie kwa nini mtu aendelee kuishi. Kennedy akajibu baada ya siku nane kwa upole mwingi: aamke mapema, ale vizuri, atafute marafiki wachangamfu, na ajaribu kuandika michezo ya kuchekesha ya mtindo wa Kifaransa aiuze New York. Ushauri ule ulitoka kwenye moyo mwema, ila haukugusa ugonjwa. Mtu anayeanza kunywa asubuhi katika chumba cha kupanga hahitaji kuambiwa aamke mapema.

Aliyeuona ugonjwa ni White, mwajiri, ambaye hakuwa na elimu kubwa. Mwishoni mwa Septemba Poe alikuwa ameshatoroka kazini na kurudi Baltimore. White alimwandikia tarehe 29: hakuna mtu aliye salama akinywa kabla ya kifungua kinywa. Akamwekea sharti kwamba mkataba utavunjika siku ile atakayolewa. Na akaongeza pendekezo linalostahili kukumbukwa kuliko sharti lenyewe: kama Poe angekubali kukaa katika familia ya White, au familia nyingine yoyote isiyotumia pombe, kungekuwa na matumaini. Sharti peke yake lingekuwa tishio tu. White alitambua kwamba kiapo kinahitaji nyumba ya kukishikilia.

Poe alirudi Richmond siku chache baadaye akiwa na Maria Clemm na Virginia, wakapanga pamoja. Matokeo yapo kwenye barua aliyomwandikia Kennedy tarehe 22 Januari 1836: afya yake ni bora kuliko miaka mingi iliyopita, akili ina shughuli, matatizo ya fedha yameondoka. Kutoka kutaka kufa hadi barua hiyo ni miezi minne na siku kadhaa. Kazi, nyumba, na shangazi wa kushika mfuko.

Tusiifunike gharama ya nyumba ile. Mei 1836 Poe alimwoa Virginia, binamu yake, aliyekuwa na miaka 13, huku hati ya ndoa ikidai ana 21. Sehemu ya utulivu wa malenga huyu ilibebwa na mtoto.

Hata mpango mzuri huharibika kwenye vitu vidogo. Mwaka 1836 familia ilitaka Maria Clemm afungue nyumba ya kupangisha vyumba na kulisha wageni, ili asiwe mtegemezi. White alikuwa amenunua nyumba, ikakubaliwa kwamba atampangisha Clemm kisha yeye na familia yake wakae humo kama wateja. Poe akachukua samani za dola 200 kwa mkopo. Walipoikagua wakakuta haitoshi hata kwa familia mbili. Biashara ikafa, deni likabaki, na Juni Poe akawa anamwomba Kennedy dola 100. Hakuna aliyeipima nyumba kabla ya kukopa. Wanaosaidia watu wenye shida hupenda kuzungumza juu ya tabia ya anayesaidiwa, na mara nyingi kumbe kilichoharibika ni vyumba vilivyopungua.

Januari 1837 Poe aliacha kazi ya Messenger. Miaka saba iliyofuata, mingi yake Philadelphia, inaeleza vizuri kwa nini kipaji pekee kisingemlisha. Marekani ya wakati ule haikulinda hati miliki ya mwandishi wa kigeni. Sheria ya namna hiyo ilipatikana 1891. Mchapishaji wa New York au Philadelphia aliweza kuchukua riwaya ya London, akaipiga chapa bila kumlipa mtu. Kwa nini amlipe Mmarekani asiyejulikana? Mkusanyiko wa hadithi za Poe wa mwaka 1839 ulichapishwa nakala 750, na malipo yake yakawa nakala chache za kuwapa marafiki. Magazeti yalimlipa dola 4 au 5 kwa ukurasa. Mwaka 1842 alimwomba Charles Dickens, aliyekuwa ziarani Philadelphia, amtafutie mchapishaji Uingereza. Dickens alijaribu kweli na akamjibu Novemba kwamba ameshindwa. Mshahara wa uhariri ndio uliomweka mjini: dola 10 kwa wiki katika jarida la Burton, kisha dola 800 kwa mwaka katika la Graham, 1841 hadi 1842. Kila alipoacha ajira, ukurasa mmoja mmoja haukuweza kufidia.

Rafiki yake Frederick William Thomas, karani wa serikali Washington, alilielewa hili. Mwaka 1841 alimweleza Poe kwamba kazi ya serikali huanza kidogo baada ya saa tatu asubuhi na kumalizika kidogo baada ya saa nane mchana, na muda unaobaki ni wako. Wakamfikiria nafasi ya forodha Philadelphia, kupitia Robert Tyler, mtoto wa rais. Wazo hili lilikuwa zuri kuliko mchango wowote. Ila Machi 1843 Poe akaenda Washington peke yake kulifuatilia, Thomas akiwa mgonjwa kitandani, na Virginia nyumbani akiwa tayari ametema damu kwa kifua kikuu tangu Januari 1842. Usiku wa kwanza akapewa mvinyo hotelini. Siku zilizofuata akatembea mjini amevaa joho nje ndani, akawakosea adabu watu aliokuja kuwaomba. Jesse Dow, rafiki mwingine, alimwandikia Thomas Clarke wa Philadelphia tarehe 12 Machi: njoo umchukue umrudishe salama, wala usimwambie mkewe neno mpaka afike. Dow alijua hasa kinachotakiwa. Clarke hakuja, Poe akarudi mwenyewe, kazi ikapotea, na jarida ambalo Clarke alikuwa amekubali kulifadhili likapotea pia.

Linganisha safari hiyo na kazi yake katika gazeti la Evening Mirror la New York, 1844 hadi 1845. Aliyeomba kazi ile ni Maria Clemm. Alikwenda ofisini kwa Nathaniel Parker Willis, akasema mkwewe ni mgonjwa, mkewe hajiwezi, na wanahitaji kazi. Willis aliandika baadaye kwamba Poe alikaa mezani kuanzia saa tatu asubuhi hadi gazeti la jioni linapokwenda mtamboni, mpole, mwenye kushika muda, bila kosa. Yuleyule wa Washington! Kilichobadilika ni kwamba jioni alirudi kwa Clemm, ambaye pia ndiye aliyebeba kikapu na miswada akizunguka kwa wahariri kuiuza na kukusanya malipo. Kama kuna mtu aliyeielewa kazi ya kumtunza Poe, ni mwanamke huyu, na hakuna mwajiri hata mmoja aliyefikiria kumlipa yeye.

Ni vema pia kuangalia namna ya kuchanga, kwa sababu hapa wema huumiza kirahisi. Mwishoni mwa 1846 familia ilikuwa katika kijumba cha Fordham, nje ya New York. Mary Gove alimkuta Virginia amelala juu ya godoro la majani makavu, amefunikwa koti zito la mumewe, paka mkubwa kifuani kumpa joto. Gove hakuandika gazetini. Alikwenda kwa Marie Louise Shew, mwanamke mwenye ujuzi wa uuguzi, ambaye alipeleka godoro la manyoya na mashuka, na wiki iliyofuata akaongoza mchango uliofika dola 60. Kwanza mwili upate joto, fedha zifuate, na zifike kwa mkono wa mtu anayeingia ndani ya nyumba.

Magazeti yalifanya vingine. Express la New York lilitangaza Desemba kwamba mume na mke wanakufa kwa kifua kikuu. Willis, kwa nia njema kabisa, akaandika katika Home Journal akipendekeza kuwe na nyumba ya kutunza watu wanaofanya kazi kwa ubongo pale wanapougua. Wazo la nyumba hiyo lilikuwa la maana sana. Marekani haikuwa na hospitali maalumu ya watu walioshindwa na ulevi kwa miaka mingi baadaye. Lakini Poe, aliyekuwa katikati ya kesi ya kashfa dhidi ya gazeti lililomchafua, alijiona amevuliwa nguo hadharani. Tarehe 30 Desemba alimwandikia Willis kukanusha kwamba hana marafiki, na kukanusha sehemu ya dhiki ambayo Gove aliiona kwa macho. Mwombaji aliyetangazwa hulazimika kuutetea uso wake, na nguvu za kujitetea huzitoa kwenye zile kidogo alizobakiwa nazo.

Virginia alifariki tarehe 30 Januari 1847. Shew alimuuguza Poe baada ya hapo. Alipopima mapigo ya moyo alikuta yakipiga kumi sawasawa kisha yanasimama, na akaandika kwamba mtu huyu hawezi kustahimili kileo au kiamshi chochote bila akili kuvurugika. Hayo ni maelezo ya maana kuliko mahubiri yote aliyopewa. Watu waliomwona akilewa kwa glasi moja walidhani ni ukosefu wa adabu. Shew aliona mwili. Juni 1848 alijitenga naye, akishauriwa na mwanafunzi wa theolojia aliyeona maandishi ya Poe yana kufuru, na muuguzi pekee aliyemfahamu mgonjwa akaondoka kwa sababu ya itikadi. Novemba mwaka huohuo Poe, akiwa peke yake Boston, alimeza afyuni ya maji akitaka kufa.

Tufike 1849, mwaka ambao kila mmoja alifanya sehemu yake.

Edward Patterson, kijana mchapishaji wa Oquawka, Illinois, alikubali kufadhili jarida ambalo Poe aliliota kwa miaka mingi, na akatuma dola 50 Richmond kwa ajili ya safari ya kulitafutia wateja. Kwa lugha nyingine, ndoto yenyewe ilihitaji mgonjwa azunguke nchi. Tarehe 29 Juni Poe aliondoka New York. Alipofika Philadelphia, mji uliokuwa na kipindupindu, begi lenye mihadhara yake likapotea stesheni. Lilipopatikana baada ya siku nyingi, mihadhara haikuwemo. Akaanza kunywa. Kwa maelezo yake mwenyewe aliwekwa gereza la Moyamensing.

Alikimbilia kwa John Sartain, mchonga picha za chapa na mwenye jarida. Sartain alimkuta akiamini kwamba watu fulani ndani ya treni walikuwa wakipanga kumuua, na akitaka wembe anyoe sharubu asitambulike. Mambo aliyofanya Sartain yangeweza kufundishwa kwa wauguzi. Hakubishana naye kuhusu hao watu. Alisema hana wembe nyumbani, akamkata sharubu mwenyewe kwa mkasi. Poe alipotaka kutoka usiku, Sartain alitoka naye, wakatembea hadi kwenye hifadhi ya maji ya Fairmount, Sartain akimsikiliza akisimulia maono ya kutisha huku akihakikisha hakai karibu na ukingo. Kisha akamrudisha kulala, akakaa naye hadi siku zikapita na akili ikarudi. Alimwondolea chenye makali, hakumwacha peke yake, akampa usingizi, akasubiri.

Tarehe 12 Julai Poe akapanda ngazi za ofisi ya George Lippard, mwandishi wa riwaya, akiwa na kiatu kimoja mguuni, hana mkate wala pa kulala. Lippard akazunguka kwa wachapishaji kwenye joto. Louis Godey na Samuel Patterson walitoa dola 5 kila mmoja, Sartain akaongeza, Charles Chauncey Burr akaongeza. Usiku wa tarehe 13 Lippard na Burr wakampeleka stesheni, wakamkatia tiketi ya kwenda Richmond, wakaagana naye.

Naona hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya mwisho iliyo wazi, na ilipita kwa sababu ya jambo dogo sana. Lippard na Burr walikuwa watu wema kuliko wote mjini siku ile. Lakini walimtoa mtu aliyekuwa akiona wauaji ndani ya treni, wakampandisha treni peke yake. Barua ya kwenda Richmond kwa umbali ule iligharimu senti 5 tangu sheria ya posta ya 1845. Waya za simu za maandishi zilikuwa zimeshaunganisha miji hiyo. Richmond kulikuwa na familia ya Mackenzie, iliyomlea dada yake Rosalie, na kulikuwa na madaktari. Maneno matatu yangetosha: anakuja, mpokeeni. Poe alifika tarehe 14 Julai akiwa na dola mbili mfukoni, na moja akaituma kwa Maria Clemm.

Richmond ilimsaidia kweli kwa wiki kumi. Alitoa mihadhara katika hoteli ya Exchange, akapata hadhira. Akaugua mara mbili kwa kunywa, akauguzwa na akina Mackenzie, akaonywa na daktari kwamba mara nyingine itamuua. Tarehe 27 Agosti akala kiapo cha kuacha pombe katika tawi la Shockoe Hill la chama cha Sons of Temperance. Chama kile kilikuwa na nguvu yake: mkutano wa kila wiki, ndugu wanaokujua kwa jina, aibu na fahari ya pamoja. Nguvu hiyo inaishia kwenye mipaka ya mji. Mwezi mmoja baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Septemba, Poe alipanda meli ya kwenda Baltimore, kwa mpango wa kupita Philadelphia, ambako angelipwa dola 100 kuhariri mashairi ya Bi Loud, kisha New York kumchukua Clemm. Usiku wa kuamkia safari alikuwa na homa. Alimwagiza Clemm amwandikie Philadelphia bila kutia sahihi, kwa jina la bandia la E. S. T. Grey. Mtu anayesafiri namna hiyo hakuna anayeweza kumtafuta.

Siku zilizofuata hazina kumbukumbu ya kuaminika. Tarehe 3 Oktoba, siku ya uchaguzi, Joseph Walker, mpanga herufi wa gazeti la Sun, alimkuta katika Gunner's Hall, baa iliyotumika kama kituo cha kura. Akamwandikia Dakta Joseph Snodgrass barua fupi kwa penseli: mahali alipo, jina analojiita, kwamba yu katika dhiki kubwa, kwamba anasema anakufahamu, kwamba anahitaji msaada sasa hivi. Hakuna lawama wala maelezo ya ziada, na ilileta mtu siku ileile. Katika misaada yote ya mwaka ule, karatasi hii ya mtu asiyemjua Poe ndiyo iliyofanya kazi yake kikamilifu.

Snodgrass alitaka kumpa chumba palepale juu, akafika Henry Herring, jamaa wa Poe kwa ndoa, ambaye alikataa kumpeleka kwake kutokana na karaha za zamani. Wakamtia kwenye gari la farasi hadi hospitali ya Washington College. Dakta John Moran aliandika kwamba alipokelewa saa kumi na moja jioni, hakupata fahamu hadi saa tisa usiku, kisha akatetemeka viungo, akatoka jasho, akazungumza na vitu vya kufikirika ukutani. Dalili hizo zinafanana na kuweweseka kunakompata mlevi siku mbili tatu baada ya kukatika pombe, hali ambayo leo hutibiwa kwa dawa za kutuliza, maji mwilini na vitamini B1. Chanzo halisi cha kifo hakijathibitishwa, na wanaokitaja kwa uhakika wanajipa uhakika ambao kumbukumbu hazina. Moran alijaribu kumfariji kwa kumwambia kwamba baada ya siku chache atakuwa na marafiki zake. Poe akajibu kwamba rafiki bora ni yule atakayempasua ubongo kwa bastola. Alikata roho alfajiri ya Jumapili, tarehe 7.

Ni haki kusema pia kwamba mlango huo wa hospitali ulimfungukia kwa sababu alikuwa mzungu mwenye jina. Mtu mweusi huru aliyeonekana akiweweseka bila karatasi zake, katika Maryland au Virginia ya 1849, alikuwa hatarini kufungwa kama mtumwa mtoro.

Maria Clemm alizisoma habari za kifo magazetini. Rufus Griswold, mhariri aliyemchafua Poe katika tanzia ya tarehe 9 Oktoba, ndiye aliyesimamia uchapishaji wa kazi zake kuanzia 1850, na Clemm hakupata fedha. Alipewa seti za vitabu azitembeze mwenyewe. Alikaa kwa miaka katika nyumba za watu, akafariki Februari 1871 katika nyumba ya hisani ya kanisa Baltimore, jengo lilelile lililokuwa hospitali ya Washington College. Wakati huo mwalimu Sara Sigourney Rice na wanafunzi walikuwa tayari wanachanga senti kwa ajili ya kaburi la malenga lililokosa jiwe. Mnara wa marumaru wa kumbukumbu yake ulizinduliwa tarehe 17 Novemba 1875, na gharama yake ilizidi dola 1,500, George Childs wa Philadelphia akilipa 650 zilizopungua. Kwa kiasi hicho, mwaka 1849, Clemm angeweza kulipa kodi ya nyumba kwa miaka na bado akabaki na nauli ya kumfuata Richmond.